Mwaka Nilipoukata Ua wa Ngitili

Andika, Neema, wala usinipunguzie maneno. Siku tulipomzika bibi yako, mhubiri kijana alisimama chini ya turubai nyumbani kwa baba yako, hapa Ngokolo mjini, akasoma habari za bustani ya kwanza na watu wawili waliowekwa humo. Alisoma vizuri, sina neno juu ya kusoma kwake. Lakini alipokifunga kitabu na kuanza kufafanua, alisema kwamba taabu zote za dunia ziliingia kwa mlango wa mwanamke, na kwamba mwanamume alikuwa amejikalia kwa amani yake hata akaponzwa. Wanaume waliokuwa vitini wakaitikia kwa vichwa, na mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Hapo kagonga penyewe." Nikajikuta nimesimama. Nikasema, "Mhubiri, mwanangu, keti kidogo. Mtu huyo unayemsema namjua. Hakuponzwa." Baba yako akanivuta koti. "Baba, tafadhali, watu wanatazama." Nikamwambia, "Watazame." Akanivuta tena, nikaketi, na mazishi yakaendelea bila mimi kulisema nililolikusudia. Kwa hiyo nitakuambia wewe, nawe utaandika, na siku ya arobaini utawasomea wote, mhubiri akiwemo.

Usidhani nilikasirikia jambo dogo. Katika nchi yetu hii neno kama lile lina miguu. Hutoka chini ya turubai likaenda kulala katika nyumba za watu. Nimekwenda Katoro mara mbili kwa mjomba wako anayeuza vipuri vya pikipiki, nikakaa mbele ya duka lake nikiwasikiliza wachimbaji. Shimo likiporomoka, hakuna anayesema, "Tuliweka magogo machache ya kuzuia kuta kwa sababu tulikuwa na haraka." Husema kwamba kuna mwanamke alipita karibu na mdomo wa shimo, dhahabu ikakimbia. Na huku kwetu Shinyanga, ng'ombe wakifa, hatafutwi aliyekataa kuwachanja. Hutafutwa kikongwe mwenye macho mekundu, na macho hayo yameiva kwa moshi wa mavi ya ng'ombe aliyowashia moto wa kuwapikia wajukuu. Bibi yako naye macho yalimwiva mwishoni. Ndiyo sababu miguu yangu ilisimama kabla ya akili.

Mwaka ninaousema hauna namba kichwani mwangu. Miaka yangu naihesabu kwa mvua, na mvua ya mwaka ule ilikatika mtama ukiwa unachanua. Nilikuwa nimekaa na mke wangu Minza, ndiye bibi yako, mavuno mawili tu. Tulikuwa na nyumba ya msonge yenye chumba kimoja, na ghala la mtama lilisimama humo ndani karibu na kitanda, hata mtu akigeuka usingizini aligonga kiwiko. Harufu ya nyumba ile ningeitambua hata leo nikifumbwa macho: mtama, samli, moshi, na mafuta aliyojipaka Minza shingoni. Asubuhi tulikula matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kuanikwa, tukiteremshia na maziwa ya mgando. Jioni ugali wa mtama na kisamvu, au majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa kwa karanga. Ninayataja haya ili ujue kwamba hatukuwa na njaa. Sitaki mtu aseme tulisukumwa na njaa.

Nyuma ya kijiji palikuwa na ngitili. Ninyi mliozaliwa mjini mnalisikia neno hili bila kuliona. Ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zikianza: ng'ombe asiingie, mtu asikate nyasi hata za kuezekea wala asichimbe, mpaka kiangazi kikali kimalize majani kwingine kote. Ndipo mzee mwenye dhamana huifungua, na mifugo ya kijiji kizima huokoka. Yetu ilizungukwa na ua wa minyaa, ule mmea wenye vidole vya kijani na utomvu mweupe kama maziwa, na mwenye dhamana alikuwa Mzee Lushinge, mtu mfupi aliyesema kidogo na kusikiliza sana. Vilima vingine vyote vilikuwa vyetu, na mabonde yote. Hapo mahali pamoja tu ndipo palipokatazwa, tena kwa miezi michache. Nilipokuomba unisomee zile sura za mwanzo, ukanisomea mara tatu, nilishangaa kwamba ruhusa ilikuwa kubwa na katazo lilikuwa dogo. Sikuwahi kusikia mhubiri akilisema hilo. Lakini kijana mwenye kiburi havioni vilima alivyopewa; huona ua.

Nami nilikuwa na kiburi. Niliwashinda wenzangu kulima kwa ng'ombe, niliwashinda kucheza ngoma, na nilipoketi karibu na wazee nilisikia uchungu kwamba kuna mambo wanayoyajua ambayo sijaambiwa. Katika hali hiyo akaja Shija, rafiki yangu wa utotoni, akitokea Geita kwenye machimbo. Alivaa viatu vya ngozi bila soksi na alibeba redio begani. Minza akasonga ugali, akatutengea, akaketi karibu na mlango akichambua kunde. Shija alikula huku akisifia mashimo, namna watu wanavyolala maskini na kuamka matajiri, kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Mle kwenye ngitili yenu, kwenye kile kichuguu cha mawe, mawe yake yakoje?"

"Meupe," nikamjibu, "yenye mishipa."

Akaacha kula. "Meupe yenye mishipa! Ndugu yangu, huko Geita watu wanabomoa kilima kizima wakilitafuta jiwe la namna hiyo, na wewe unalikalia."

"Hairuhusiwi kuingia mle."

"Nani kasema?"

"Mzee Lushinge."

"Na zizi la Mzee Lushinge likoje, na lako likoje?" Akamega tonge lingine taratibu. "Mimi sisemi kitu. Mimi ni mgeni, nakula ugali wa watu. Ila sijaona mzee mwenye mali akafunga chumba kitupu."

Minza akacheka kutoka mlangoni. "Shemeji, kama dhahabu unaijua hivyo, mbona redio yako haina betri?"

"Shemeji una ulimi wewe! Betri ziko njiani."

"Zinatembea kwa miguu?"

Tulicheka sote. Lakini mimi nilicheka kwa mdomo tu. Usiandike kwamba Shija alikuwa nyoka, Neema. Naona kalamu yako inataka kuandika hivyo. Shija hakuniambia nikachimbe. Aliniambia tu kwamba wazee wanakijua kitu wasichotaka nikijue, na kwamba ningeweza kuwa kama wao. Hayo nilikuwa nimekwisha kujiambia mwenyewe muda mrefu, yeye aliyatamka. Wala sitasema kwamba Minza hakutamani. Nilipomweleza, alitazama juu kwenye nyasi za paa, akauliza, "Tutaezeka bati?" Nikamwambia, "Bati na zaidi." Akasema, "Basi tuwe waangalifu na ua."

Tulikwenda saa za adhuhuri, wakati jua linawalaza watu vivulini. Niliukata ua kwa panga upande wa nyuma, na pigo la tatu likanirushia utomvu wa minyaa katika jicho la kulia. Sijapata kuona maumivu kama yale. Minza aliniongoza nyumbani kwa mkono, akaniosha jicho kwa maziwa, akinikemea na kucheka kwa zamu. Katika habari uliyonisomea, waliahidiwa kwamba macho yao yatafumbuliwa. Mimi siku ya kwanza tu nilibaki na moja. Majirani niliwaambia nimeumwa na nyuki. Tukaendelea hivyo siku saba. Mimi nilichimba, Minza alibeba mawe kikapuni chini ya kuni, akayatwanga katika kinu kilekile cha mtama, hata ugali wetu ukawa na changarawe. Kila tulipotoka aliziba pengo kwa matawi ya miiba, akayakandamiza kwa mguu. Siku ya nane Shija akaja, akamimina ule unga wa mawe kiganjani, akaupuliza, akasema, "Huu ni ulanga, ndugu yangu. Unang'aa tu." Kesho yake alikuwa njiani kurudi Geita.

Tulikwenda mara ya mwisho kuchukua vifaa vyangu, mimi nimejaa hasira na aibu. Minza akavuta tawi la miiba, akaniita nimsaidie lile zito. Nikamwambia, "Liache. Nani atakuja huku?" Akajibu, "Ng'ombe hawaulizi nani." Nikaondoka. Akabaki peke yake, akaburuta matawi mawili aliyoyaweza, na hayakutosha. Asubuhi iliyofuata mifugo ya kijiji ilinusa majani mabichi, ikapita penye pengo, na mpaka wachungaji walipoigundua jioni, ngitili ilikuwa imekanyagwa kama kiwanja cha ngoma. Majani ya kuwavusha ng'ombe wa kijiji kizima mpaka mvua yaliisha siku moja, na kiangazi kilikuwa bado kichanga.

Baraza lilikaa kesho yake. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuwa wameona nyayo za mwanamke penye pengo, na vipande vya kikapu. Nilikuwa nimeketi mbele pamoja na vijana wenzangu, jicho langu limevimba kama yai. Mzee Lushinge akatutazama wote, kisha akanitazama mimi, akauliza polepole, "Nani aliyeukata ua?" Kisha nikasimama, nikasema, "Mke wangu ndiye aliyekuwa akipita pale. Alifuata kuni." Kila neno lilikuwa la kweli, na yote pamoja yalikuwa uongo. Wakamgeukia Minza aliyekuwa upande wa wanawake. Alinitazama mara moja tu. Akasema, "Mume wangu amekwisha kusema. Sina la kuongeza." Wakaamua atengwe: asipewe moto na nyumba yoyote, asisalimiwe kisimani, na aitwe kaka yake aje amchukue. Alikuwa na mimba ya baba yako, na hapana aliyejua ila sisi wawili.

Siku zile zilizofuata ndizo nilizozisimulia kwa Mungu mara nyingi kuliko siku zote za maisha yangu. Jioni wanaume tulikula kwenye shikome, penye moto wa nje, kila nyumba ikileta chungu chake. Walinipongeza. "Umesema kweli, kijana. Mwanamume ni kusema kweli." Mwingine akasema, "Mrudishe kwao mapema, ungali na miguu ya kumfuata mwingine." Na mwingine, "Lile jicho, alikuuma nyuki au alikuuma mkeo?" Wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, nikimeza ugali uliosongwa na mwanamke tuliyekuwa tunamcheka. Nyumbani Minza alifukia makaa kwenye majivu usiku na mchana ili asihitaji kuomba moto. Alikwenda kisimani jua likiwa utosini, wenzake wakiwa wamekwisha kurudi. Alinitengea chakula kama kawaida, akaliosha jicho langu kama kawaida. Hakunilaumu. Ule ulimi uliomcheka Shija ulikuwa umenyamaza, na nyumba yetu ndogo ikawa kubwa hata sikujua pa kukaa.

Nilikuwa ninauziba ua, kazi niliyojitolea ili nionekane mwema, Mzee Lushinge aliponijia peke yake. Nikamwamkia, akaitikia, akasimama akitazama mikono yangu.

"Jicho linaendeleaje?"

"Linapona, babu."

"Nyuki mkali huyo."

"Mkali sana, babu."

Akavunja kidole cha mnyaa, utomvu ukachirizika, akakitupa mbali na uso wake kwa ustadi wa mtu aliyezoea. "Ua huu nimeutunza tangu sijaota ndevu. Nyuki wake nawajua."

Nikamuuliza, "Ulijua tangu lini?"

"Kabla hatujaketi barazani. Mwanamke mwenye macho meupe kama kikombe ati ndiye aliyekata minyaa, na mwanamume aliyekaa nyumbani jicho limevimba! Kila mtu aliliona. Wenzangu waliona afadhali kuzitazama nyayo."

"Sasa kwa nini uliniuliza, babu, kama ulikuwa unajua?"

"Nilikuuliza ili upate pa kupitia. Ukamsukuma mkeo mbele, wewe ukajificha nyuma yake."

"Na kwa nini usiwaambie watu wewe mwenyewe?"

"Nikiwaambia mimi, utakuwa umekamatwa. Ukiwaambia wewe, utakuwa umerudi." Akaanza kuondoka, akageuka. "Shemeji yako anafika kesho kutwa. Mimi sitauliza mara ya pili."

Nilibatizwa miaka mingi baadaye, na nilipofundishwa kwamba Mungu alitembea bustanini akimwita mtu, akimuuliza yuko wapi, wenzangu darasani walitatizika. Walisema, Mungu asiyejua mtu alipo ni Mungu gani? Mimi sikutatizika. Nilikuwa nimekwisha kuulizwa swali la namna ile na mtu aliyejua jibu. Watu husema dhambi ya yule mwanamume ni kula. Mimi nasema kula kulikuwa udhaifu, na udhaifu tunao sote. Kiburi chake kilionekana alipoulizwa.

Siku ya tatu nikaomba baraza. Kaka yake Minza alikuwa amefika, mtu mrefu asiyecheka, na mzigo wa dada yake ulikuwa umefungwa mlangoni. Nikasimama, nikasema, "Ua niliukata mimi. Nilitafuta dhahabu. Mke wangu aliniambia nizibe pengo, nikakataa. Hili si jicho la nyuki." Sikuongeza neno, kwa kuwa kila neno nililolifikiria lilikuwa la kunipunguzia. Walinizomea. Mmoja wa wale walionipongeza kwenye shikome akatema mate, "Mwanamume mzima kujificha nguoni mwa mke!" Wazee wakaamua: nitatoa dume langu la pekee, lichinjwe na kuliwa na kijiji chote, na kwa kuwa nimepoteza majani, nitakwenda kuyatafuta. Nitawachunga ng'ombe wa wajane na wa wazee pamoja na wangu, niwapeleke magharibi, upande wa Geita, ambako majani yalikuwa bado yapo, na nisirudi mpaka mvua. Kutengwa kwa Minza kukafutwa. Mzee Lushinge hakunisifu wala hakunitazama.

Nyumbani kaka yake alikwisha kuushika mzigo. "Twende, dada. Kosa lake amelikubali, lakini alikutupa mbele za watu."

Minza akanigeukia mimi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kunisemesha tangu baraza lile. "Kwa nini ulichelewa?"

"Niliogopa."

"Na sasa?"

"Hata sasa naogopa. Naogopa utaondoka."

Kuku walikuwa wanadonoa pumba miguuni mwetu. "Mwoga anayesema kweli, huyo ninaweza kuishi naye," akasema. "Kaka, keti. Utakula kabla ya kurudi. Utarudi peke yako, mimi nitafuatana na mume wangu."

Hatukuondoka mara moja, na sababu yake sitaisahau. Dume langu lilipochinjwa, nyama ililiwa na watu wote, lakini ngozi Mzee Lushinge aliizuia. Akaiwamba kwa vigingi mbele ya nyumba yake, akaikwangua kwa mkono wake, akailainisha kwa samli siku baada ya siku, mzee wa umri ule, na kila nilipouliza lini nianze safari alijibu, "Ngozi haijawa tayari." Ilipolainika akamletea Minza. Akamwambia, "Huko mnakokwenda mtalala nje, na mwanamke mwenye mimba halali juu ya udongo." Hapana aliyemwambia habari ya mimba, nayo aliijua. Nilikuwa nimemkosea kuliko mtu yeyote pale kijijini, naye ndiye aliyetufunika kabla ya kututoa. Baba yako alizaliwa juu ya ngozi ile, katika kambi ya wachungaji karibu na Geita, mvua ya kwanza ikitupiga.

Kwa hiyo, Neema, ninapoutazama mwaka ule siulalamikii. Namshukuru mzee aliyeniuliza alilolijua. Nawashukuru hata walionizomea, kwa sababu walinizomea kwa jina langu na si kwa la mke wangu. Zaidi ya wote namshukuru yeye. Tuliishi pamoja mvua nyingi kuliko nilivyostahili, tukagombana kama watu, na katika magomvi yetu yote hakuwahi kulitaja baraza lile. Mwambie mhubiri asome mpaka mwisho. Walipotolewa bustanini hawakutengana, walitoka pamoja.

Siku tuliyoondoka tuliwatanguliza ng'ombe kabla jua halijawa kali. Njia ilikuwa kavu, vumbi likatupaka rangi moja, sisi na mifugo. Adhuhuri tukapumzika kwenye mto uliokauka, nikafukua mchanga mpaka maji yakajitokeza, nikawanywesha ng'ombe wa wajane kwanza. Nilipomaliza nilikuwa nimechoka hata sikuweza kunyanyua mkono. Minza alikuwa ameitandika ngozi, akafungua kitambaa chenye matobolwa, akanisogezea. Nilisita, kwa kuwa sikujua kama nilikuwa na haki. Akasema, "Chukua. Safari bado." Akanipa, nikala.